109 imewekwa 1KD, sasa inasumbua: uanzie wapi?

Simu zenyewe hufanana. "Fundi, tumeshafunga injini, imewaka siku mbili vizuri, leo inazunguka tu." Au: "Fundi, hii D-4D tumeuziwa mbovu." Nauliza ni gari gani. Land Rover 109, Series III, ile ya kati ya 1971 na 1985, imetolewa injini yake ya cc 2,286 na kuwekwa 1KD-FTV ya Toyota, dizeli ile inayoitwa D-4D, cc 2,982, inayokuja kwenye Prado, Hilux na Hiace. Nauliza tena: mmeshafungua kitu? Hapo kimya kidogo, kisha jibu: nozeli zimepelekwa kwa mtu wa pampu, na hedi iko mezani.

Injini iliyokuwa ikifanya kazi kwenye gari lake la kwanza mara chache huharibika kwa sababu tu imehamishwa. Kinachosumbua ni maungio: waya wa Lucas, yaani umeme wa asili wa Land Rover, unapokutana na waya wa Toyota, tangi la miaka arobaini linapolisha pampu inayotaka dizeli safi, rejeta iliyotengenezwa kwa injini ndogo inapobebeshwa turbo. Ndiyo maana humu naanza na maungio, injini yenyewe naifikia mwisho. Na nazungumzia 1KD tu. Injini ya pampu ya kawaida kama 1HZ ya Toyota haina nusu ya matatizo haya, na ukiniuliza gari la kwenda Loliondo peke yako ningekuwekea hiyo, ukalala usingizi wako. Lakini wengi wanataka D-4D, basi tuendelee.

Tafuta vitu vitano kwanza: mita ya umeme, mashine ya kusoma kodi za makosa ya injini inayoonyesha pia namba wakati injini inazunguka, kipande cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani, kidumu safi cha lita 5, na tochi. Huna mashine? Kwenye soketi ya pini 16 ya Toyota za miaka hiyo, ukiunganisha pini 13 na pini 4 kwa kipande cha waya halafu ukawasha swichi, taa ya injini itakukonyezea kodi kwa kuwaka na kuzima. Hesabu pini mara mbili. Pini 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiigusisha na pini 4 umeunganisha betri na athi, yaani upande hasi, moja kwa moja.

Soma hili kabla ya kushika spana. Kwenye pampu za zamani tulizoea kulegeza nati za bomba za nozeli injini ikizunguka ili kutoa upepo. Kwenye 1KD usifanye hivyo hata siku moja. Humo dizeli hufika zaidi ya baa 1,000, na mchirizi mwembamba usioonekana kwa macho unapenya ngozi. Unaacha alama kama ya sindano, na mwanzoni hauumi sana, ndiyo maana watu huupuuza. Ikikutokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, uwaambie ni dizeli ya presha imeingia mwilini, maana kidole kinaweza kuhitaji upasuaji. Waya za nozeli nazo usizichokonoe injini ikizunguka: boksi linaloziendesha linatoa umeme mkubwa kuliko wa betri.

## Stata inazunguka, injini haiwaki

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini imewaka? Kama haijawaka na balbu ni nzima, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, halina umeme. Mafuta yaache kabisa kwa sasa.

Kama taa inawaka lakini inazimika unapopiga stata, umepata kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Fundi alichukua umeme wa kontroli boksi kwenye waya wa hita au wa redio. Kwenye swichi nyingi za zamani waya hizo hukatika makusudi wakati wa stata, ili umeme wote uende kwenye stata. Kwa hiyo kontroli boksi linazimika wakati ule ule linapohitajika. Weka mita kwenye waya unaoamsha rilei kuu, mwenzako apige stata. Umeme ukipotea, hamisha waya huo uende kwenye ule mweupe wa swichi ya Land Rover, ambao hubaki na umeme hata stata ikizunguka, lakini uamshe rilei tu. Mzigo wenyewe uchukue betri kupitia fyuzi yake. Swichi ya 1975 haikuumbwa kubeba kompyuta.

Wakati mita iko mkononi, pima betri huku stata inazunguka. Ikishuka chini ya volti 9.6, chaji au badilisha betri kwanza. Injini hii inahitaji stata yenye nguvu, na kontroli boksi likikosa umeme wa kutosha hujizima na kuanza upya.

Halafu athi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, chasisi ni chuma, na kati yao kuna rangi, kutu nyeupe na boliti zilizolegea tangu enzi za Ujamaa. Athi ya kontroli boksi ikifungwa kwenye bodi, leo inakubali, kesho inakataa. Gusisha waya mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye bloku ya injini, kisha piga stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, athi ni mbaya. Fanya hivyo tena kwa ganda la kontroli boksi. Dawa ni waya mnene kutoka betri hasi hadi bloku, mwingine kutoka bloku hadi chasisi iliyokwanguliwa mpaka chuma king'ae, na athi za kontroli boksi zirudi kwenye injini zilikotoka.

Kuna jambo la rangi za waya, na hapa nitakaa kidogo. Mzee mmoja wa Monduli alimleta kijana wa umeme, hodari kweli wa magari ya kawaida. Kijana akakuta waya wa kahawia upande wa Land Rover na waya wa kahawia upande wa Toyota. Akaziunganisha, akafunga utepe, kazi safi kwa macho. Tatizo ni kwamba kahawia ya Lucas ni umeme wa betri usiozimwa na swichi. Kahawia ya Toyota mara nyingi ni athi ya kontroli boksi na sensa. Alipofunga kichwa cha betri, waya ule mwembamba ulikuwa mwekundu kabla hajanyanyuka kwenye boneti. Nilipofungua utepe nilikuta waya kumi na moja zimeyeyuka na kushikana kama mishumaa ya kanisani iliyoachwa juani. Nyeusi nayo ni hivyo hivyo: kwa Lucas nyeusi ni athi, kwa Toyota inaweza kuwa umeme, na athi ya bodi ya Toyota huwa nyeupe yenye mstari mweusi. Pima kila waya, andika kwenye karatasi unafanya kazi gani, ndipo uunganishe. Ukikuta harufu ya plastiki iliyoungua au waya zimeshikana, chomoa betri na umwite fundi umeme anayesoma mchoro. Usijaribu "kuona kama itawaka".

Umeme ni mzima lakini kataa ni kataa? Angalia taa ya kinga ya wizi. Injini nyingi kutoka Prado na Hilux zina kontroli boksi linalotambua funguo wake. Bila ule funguo wenye chipu, na ile pete inayokaa kwenye shingo ya swichi, mafuta hayapigwi. Waliouza injini bila funguo wamekuuzia chuma. Kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kufuta kinga hiyo au kuisajili upya. Hii siyo kazi ya kujaribia nyumbani, na mtu akikuambia atakata waya mmoja tu iishe, mshukuru umuage.

Baada ya hapo ndipo mafuta. Piga ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, inavuta hewa, na sehemu inayofuata inakuhusu. Ikiwa ngumu, soma mashine huku stata inazunguka. Mzunguko wa injini unaonyesha sifuri? Sensa ya kranki, au plagi yake iliyobanwa wakati wa kuingiza injini, na kodi huwa P0335. Mzunguko upo ila presha ya reli, lile bomba linalogawia nozeli dizeli, haipandi, kodi P0087? Angalia plagi za vali ya kudhibiti mafuta iliyoko kwenye pampu. Vali hiyo inajulikana kwa ubishi na inabadilishwa bila kutoa pampu. Ukiona P0200, fuata boksi la kuendesha nozeli: mara nyingi limeachwa kule kwenye gari la kwanza, au athi yake haikufungwa.

Vyote hivyo ni vizima na presha bado iko chini? Acha. Kupima nozeli kwa kurudisha mafuta na kufungua pampu ni kazi ya karakana yenye mashine ya kupimia. Nozeli za 1KD zina namba zake zinazosajiliwa kwenye kontroli boksi, hivyo ukizichanganya silinda moja na nyingine umejiongezea ugonjwa.

## Asubuhi stata ndefu, ikishawaka ni nzima

Hii karibu kila mara ni hewa. Pampu ya Denso ya injini hii haina msaada kwenye tangi, inavuta yenyewe. Tundu dogo lisilovuja hata tone linatosha kuingiza hewa, na usiku mafuta yanarudi tangini polepole.

Kuna jaribio moja linalookoa siku tatu za kubahatisha. Chomoa mpira wa kuvuta na mpira wa kurudisha, vyote viwili, vitie kwenye kidumu chenye dizeli safi iliyochujwa. Kidumu kikae juu kidogo, mbali na turbo na sailensa, kimefungwa kisidondoke. Acha gari lilale hivyo. Asubuhi likiwaka kwa mguso mmoja, injini haina kosa. Kosa liko kati ya filta na tangi. Likisumbua vile vile, kosa liko kwenye filta, mipira ya mbele, au pampu.

Upande wa tangi, mshukiwa wangu wa kwanza ni bomba la chuma la kunyonyea lililoko ndani ya tangi lenyewe. Limeoza juu ya usawa wa mafuta, kwa hiyo tangi likijaa gari ni zima, likifika nusu linaanza ubishi. Mteja atakuambia "inapenda full tank tu", na wewe utacheka, lakini amekupa jibu. Baada ya hilo angalia klipu za mipira, hasa zile za waya zinazokata mpira, halafu raba ya filta iliyokaa vibaya. Weka ule mpira unaoonyesha ndani mbele ya filta, utaona mapovu kwa macho yako.

Kama 109 yako ilikuwa ya petroli, tangi halina njia ya kurudisha. Nimekuta mafundi wameunganisha mpira wa kurudisha kwenye mpira wa kuvuta kwa kipande cha T, gari likaenda, wakafurahi. Mafuta yanayorudi ni ya moto na yana mapovu, na sasa yanazunguka hapo hapo bila kupoa. Toboa tangi, weka njia ya kurudisha inayofika chini karibu na sakafu ya tangi. Tangi la petroli lisichomelewe wala kutobolewa kwa mashine inayotoa cheche bila kusafishwa na mtu anayeijua kazi hiyo, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke wa petroli unabaki kwenye mikunjo.

Na kutu. Ukibadilisha filta mara mbili ndani ya mwezi, acha kununua filta, shusha tangi. Weka pia filta ya kutenganisha maji, uwe unaimwaga. Nozeli moja ya 1KD itakugharimu kuliko tangi jipya la kutengeneza.

## Inawaka, inatembea, haipandi mlima

Taa ya injini imewaka na gari halivuki mzunguko fulani hata ukanyage mpaka chini? Kontroli boksi limejilinda. Soma kodi kwanza, usibahatishe.

Kodi za familia ya P2120 zinaelekeza kwenye pedali ya mafuta. Pedali hii haina kebo, inatuma ishara mbili za umeme, na kontroli boksi linazilinganisha. Mara nyingi pedali imechomelewa mahali ambapo haifiki mwisho wa safari yake, au waya wake umepita karibu na bomba la moshi. Hilo ni la dakika ishirini.

Bila taa, ila nguvu hamna? Fuata hewa ya turbo. Mipira ya kwenda na kutoka kwenye kipoza hewa ikichomoka au kupasuka utasikia mluzi, na nyuma moshi mweusi. Kwenye 109 kipoza hewa hukosa mahali pake pa asili, hivyo mipira inakuwa mirefu yenye kona, na klipu za kawaida hazishiki. Tumia klipu pana za boliti.

Kosa la pili ni la kihistoria kabisa: watu wanabakiza kisafisha hewa cha oili cha Land Rover kwa sababu ni kizuri kwa vumbi. Kwa injini ya zamani, ndiyo. Turbo ikivuta, ukungu wa oili unaingia, unapaka sensa ya kupima hewa, na chombo chenyewe ni kidogo mno. Weka kisafisha hewa kikavu cha Hilux au cha gari kubwa zaidi, na ile sensa ikae kwenye bomba lililonyooka.

Kosa la tatu ni bomba la moshi. Bomba la Series ni jembamba. Hapa weka la milimita 63 hivi. Na kama nguvu inaisha mlimani halafu inarudi ukipumzika dakika tano, rudi kwenye filta na tangi. Nyingi za injini hizi zina turbo ambayo mbawa zake zinageuzwa na mota ya umeme, yenye kiboksi chake. Kikiachwa kule kwenye gari la kwanza, turbo inakaa tu.

Moshi mweupe asubuhi unaoisha ukipata moto: hita plagi au rilei yake. Moshi wa bluu usioisha: turbo au injini inakula oili. Na injini ikianza kupanda yenyewe huku moshi mzito ukitoka, ikagoma hata ukizima swichi, inajilisha oili yake. Ziba mdomo wa hewa kwa ubao, usitumie kiganja, na watu wakae mbali. Baada ya hapo gari livutwe. Usiiwashe tena "kuhakikisha".

## Inachemsha kwenye kilima

Kipimo changu ni kile kilima cha kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Tambarare kila gari ni zima. Panda pale mchana, ukiwa na mzigo, ndipo utajua rejeta yako.

Kabla ya chochote, hakikisha geji inasema kweli. Sensa ya joto ya Toyota hailingani na geji ya Land Rover, kwa hiyo ukiziunganisha mshale unaweza kukaa katikati maji yakichemka, au kwenda mwekundu maji yakiwa baridi. Linganisha na namba ya kwenye mashine, kisha funga sensa ya Land Rover yenyewe kwenye kipande cha kuungia.

Kinachofuata ni upepo kwenye maji. Kwenye 109 mdomo wa rejeta mara nyingi unabaki chini ya sehemu ya juu ya injini, na upepo unakaa hedini. Weka tangi dogo la kujazia lililo juu kuliko kila kitu, lenye mpira mwembamba kutoka sehemu ya juu ya injini. Gari likiwa limeinua pua kwenye mwinuko, jaza polepole huku hita imefunguliwa.

Kisha feni. Feni ya Toyota haiangalii katikati ya rejeta ya Land Rover, inapuliza pembeni. Bila kifuniko cha kuizunguka, inavuta hewa ya moto ya injini hiyo hiyo. Ukiweka feni za umeme, shika karatasi mbele ya rejeta: karatasi inyonywe, isisukumwe. Nimekuta feni mbili zinasukuma mbele wakati gari linasukuma nyuma. Rejeta ya injini ya zamani ya lita 2.25 yenyewe haitoshi, hata ikisafishwa. Tengenezesha yenye safu zaidi, na kipoza hewa kisiizibe yote.

Tafadhali usichomoe thamostati. Najua madereva wengi wanaapa kwayo. Bila hiyo, tambarare injini haifiki joto lake, inakula mafuta. Maji ya mtoni nayo siyo kipozeo: hedi ya 1KD ni aluminiamu, inaliwa kutoka ndani.

Acha kuendesha na uite fundi wa injini ukiona haya: mpira wa juu wa rejeta ni mgumu asubuhi injini ikiwa baridi, mapovu yanayoendelea kwenye tangi la kujazia, au maji yanapungua bila kuvuja. Hiyo ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Na mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata na kitambaa, hata kidogo.

## Taa ya oili inakonyeza

Hapa zima injini kwanza, maswali baadaye.

Inawezekana ni swichi tu, au waya umeunganishwa kwenye taa isiyo yake. Pima kwa geji ya mitambo iliyofungwa mahali pa swichi hiyo. Presha ikiwa chini kweli, 1KD ina ugonjwa wake unaojulikana: washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikivuja, gesi ya moto inaingia kwenye oili, oili inageuka masizi, na masizi yanaziba chekeche la kunyonyea chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Injini inakufa kwa kiu huku oili imejaa. Dalili za mapema ni mlio wa "chf, chf" kwenye hedi, mfuniko wa oili unaopumua kwa nguvu, na oili nyeusi nzito siku chache baada ya kubadilishwa.

Ndiyo maana injini ya mtumba, iwe ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya Kirinyaga Road, Nairobi, kwangu haiingii kwenye chasisi kabla sampu haijafunguliwa. Ikiwa bado iko sakafuni ni kazi ya saa moja. Chekeche likiwa jeusi, badilisha washa zote nne. Mkanda wa taimingi nao badilisha hapo hapo, muuzaji akiapa au asiape. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni.

Pia angalia kama sampu inagongwa. Ekseli ya mbele ya 109 ni nzima moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na inapanda pamoja na springi. Bandika udongo wa mfinyanzi chini ya sampu, pita kwenye tuta taratibu, urudi uangalie. Udongo ukiwa umebanwa, inua injini au punguza safari ya ekseli kabla ya jiwe la kwanza.

## Kutikisika, kulia, kuvunja

Injini ya zamani ya dizeli ilitoa kama Nyuton-mita 140. 1KD ya Hilux ya gia za mkono inatoa 343. Ukiifunga kwenye giaboksi ya Series, gia zitaanza kulia, kisha zitanyamaza kwa sababu hazipo tena. Kwa hiyo mlio wa gia usiutafutie oili nzito. Tafuta giaboksi ya Toyota iliyokuja na injini.

Ukibakiza giaboksi ya zamani, usishangae injini ikizunguka karibu 2,900 kwa kilomita 80 kwa saa. Difu ina uwiano wa 4.7 kwa 1, na transifa, ile giaboksi ndogo ya pili, yenyewe inaongeza mzunguko hata kwenye gia ya juu.

Kutikisika ukiwa umesimama ni mipira ya kushikilia injini iliyowekwa imejipinda, au bomba la moshi linalogusa chasisi. Kutikisika kunakoongezeka na mwendo ni propela: pembe zake hazilingani, au krosi imelegea. Chungulia pia difu inakaa upande gani. Difu ya Land Rover iko kulia, na transifa isiyotoa upande huo itakupa propela iliyopinda ambayo hakuna krosi itakayoivumilia.

109 ya Series III kwa kawaida ina ekseli ya nyuma ya Salisbury, ambayo ni ngumu. Ile fupi ya 88 haina, na saidi shafti zake nyembamba hukatika kwa kutoka kwa pupa kwenye matope. Kama unaota kuweka 1KD kwenye 88, anza na ekseli, halafu uje tuzungumze injini.

## Pedali ya breki imekuwa ngumu

Injini ya petroli ilikuwa ikitoa uvutaji wa kusaidia breki kutoka kwenye manifoldi. Dizeli haitoi. Pampu ya vakyumu ya 1KD lazima iunganishwe na busta kwa mpira mgumu usiojikunja, wenye vali ya kuzuia kurudi. Zima injini, kanyaga mara tano mpaka pedali iwe ngumu, shikilia, washa. Ikishuka kidogo, busta inapata uvutaji. Isiposhuka, usilitoe gari getini.

Na hata ikishuka, zile ni breki za ngoma zilizopangiwa gari la nguvu ya farasi sitini na kitu. Sasa lina zaidi ya mara mbili na linafika mia bila kujikamua. Lining mpya, silinda mpya, na mtu wa breki alipime mlimani kabla ya familia kupanda. Hapa sina utani.

## Mambo madogo yanayorudi

Betri inaisha usiku: rilei kuu imepewa umeme usiozimwa, kontroli boksi halilali. Taa ya injini inabaki na kodi P0500 ingawa gari ni zima: kontroli boksi halipati mwendo wa gari, weka sensa ya mwendo kwenye transifa. Kontroli boksi kuingia maji: umelifunga chini ya vile vifuniko vya kupitisha hewa kwenye dashibodi, ambavyo kwenye kila Series ninayoifahamu vinavuja mvua ya kwanza ya masika.

Halafu karatasi. Kadi ya gari ya TRA ina namba ya injini, na Kenya mabadiliko ya injini yanapelekwa NTSA. Piga picha ya namba hiyo injini ikiwa bado sakafuni, pamoja na risiti ya kuinunua. Ikishakaa ndani ya boneti utaisoma kwa kioo na tochi, huku askari wa barabarani ameegemea ngao anakusubiri.